Presha ya Arap Tonui

Vijana wangu wa zahanati, kile kiti cha kubembea mlichonipa siku ya kuniaga bado kiko sebuleni na nailoni yake. Sijakikalia. Mwalimu, yaani mume wangu, amekijaribu na anasema ni kiti kizuri. Mimi nikikaribia kukaa nakumbuka mlango wa kuku, nikirudi nakumbuka maziwa yako motoni, na maziwa yenyewe nikiyafikia nakuta nilishayaepua. Miaka yote hiyo nimewaambia wagonjwa, "Nenda ukapumzike," na kumbe sikujua ninawatuma wapi. Haya mnayosoma nimeyaandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya jikoni, kwa hiyo mtanivumilia mwandiko.

Mliniomba niandike habari za kazi. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo muulize ofisini. Mimi nitawaandikia habari za mashine ya presha, kwa sababu nimeishi nayo karibu kuliko nilivyoishi na Mwalimu, na habari za mtu mmoja wa boila ambaye mashine hiyo nusura imfukuzishe kazi.

Nilifika kwenye zahanati ya shamba la majani chai mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuoni na viatu vyangu vyeupe, nikidhani Kericho yote inanitazama. Aliyekuwa akitazama ni Sista Wangari peke yake. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wetu. Babake alikuja kutoka Nyeri zamani akafungua duka mjini, na yeye akazaliwa nyuma ya hilo duka, kati ya magunia ya sukari. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na raba za kimya. Ukidhani umemsikia mbali, ujue umekosea. Yuko nyuma yako.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mchuma chai aliyeingia anahema, kikapu bado mgongoni. Nikamwita jina, nikamkalisha, nikamfunga kitambaa cha mashine mkononi na kupuliza. Zebaki ikapanda juu mno. Nikaenda kutangaza kwa Sista Wangari kama niliyegundua ugonjwa mpya.

"Umemsalimia?" akaniuliza.

"Nimemwita jina."

"Sijauliza kama umemwita. Nimeuliza kama umemsalimia."

Akaenda akaketi karibu naye. Kumbe mama yule alikuwa ameacha mtoto mchanga nje kwa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa anataka kuondoka. Sista Wangari akatoka, akamleta mtoto, akamweka mapajani mwa mama yake, akaanza kuongea mambo ya mvua. Baadaye akanionyesha kwa kidevu nipime tena. Zebaki ilisimama pahali ambapo mtu mzima yeyote angelala usingizi akiisikia.

"Wewe msichana," akaniambia tulipobaki wawili, "mtu akiwa na wasiwasi mwili wake unajitayarisha kukimbia. Moyo unapiga mbio, mishipa inakaza, mikono inatoa jasho. Mwili haujui kama unakimbia fisi ama unakimbia nyapara. Unakimbia tu. Sasa ukimletea mtu wake anayempenda karibu, ndio unaambiwa, haya, fika nyumbani, shusha mzigo."

Nilimwitikia kwa heshima na sikumwamini. Chuoni tulikuwa tumechorewa figo na tezi zake, na mishale ikionyesha kemikali ya hofu inavyotoka pale kwenda kwenye moyo. Hakukuwa na mshale wowote unaotoka kwa mtoto aliye mapajani.

Nilianza kuamini kidogo kidogo, kwa shingo upande. Kuna siku stima ilipotea na tulikuwa na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mdogo hadi unaogopa kumgusa. Sista Wangari hakuhangaika na taa. Alimvua mtoto, akamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa leso na kuwafunika blanketi. Mtoto akapata joto, pumzi ikatulia. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mama. Tangu ajifungue mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni, na hapo yakashuka. Nikampima, kwa sababu mimi nikiona kitu siwezi kukiacha bila kukipima. Yeye pia alikuwa amepoa.

Tangu hapo nikawa nasumbua watu. Mwalimu wakati huo alikuwa anafundisha upande wa Bomet na alikuwa anakuja Ijumaa. Nikawa namfunga mashine kabla hajavua koti, na tena baada ya kula. Aliuliza kama ameoa mke ama ameoa hospitali. Sikumjibu kwa sababu nilikuwa nasikiliza mapigo.

Sasa niwaambie habari za Arap Tonui.

Alikuwa mtu wa boila pale kiwandani, mrefu, wa maneno machache, ananuka moshi wa kuni za mabulugamu hata Jumapili kanisani. Majani chai yakishachumwa na kusagwa lazima yakaushwe, na joto la kuyakausha linatoka kwa boila. Moto ukilegea, chai inaharibika, na wote kiwandani wanamtafuta mtu mmoja. Arap Tonui alikuwa hatazami saa wala geji kwanza. Alikuwa anasikiliza. Anasema moto wenye njaa una sauti yake. Alikuwa ameufanyia kazi huo moto tangu ujana wake, na alikuwa akiishi peke yake katika chumba kimoja cha laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, kama wanaume wengi wa wakati ule. Mkewe, Taplelei, alikuwa nyumbani Siongiroi na ng'ombe na watoto. Walikuwa wanaonana mwisho wa mwezi, na si kila mwezi.

Akaja meneja mpya na sheria mpya. Watu wa boila wote wapimwe presha, na atakayepatikana juu ya kiwango mara tatu, daktari akihakikisha, aondolewe. Siilaumu sheria hiyo. Mtu akizirai mbele ya mlango wa boila, hutamwokota akiwa mzima. Lakini kwa mtu kama Arap Tonui, ambaye hakuwa na kazi nyingine pale, kuondolewa kwenye boila kulikuwa ni kuondolewa kiwandani, na kutoka kiwandani ni kurudisha ufunguo wa chumba.

Mimi ndiye niliyempima. Nilikunja shati lake hadi juu ya kiwiko, nikamfunga kitambaa. Yeye akageuza uso akaangalia picha ya minyoo iliyokuwa ukutani, hakuiachia macho hadi nilipomaliza. Zebaki ilipanda kupita kiwango, tena si kidogo. Akarudi tena: hivyo hivyo. Katikati hapo, siku ambayo sikuwa kazini, Sista Wangari alimpima kwa mashine ya zamani na akakuta presha ya kawaida tu ya mtu wa umri wake. Lakini mashine hiyo kila mtu alijua ni mbovu. Ilikuwa imeangushwa, kifuniko chake kimefungwa kwa plasta, na tulikuwa tunaitukana kila siku. Mashine mpya ilikuwa yangu, na nilikuwa nikiifuta kila asubuhi. Kwa hiyo tuliamini mpya. Nikampima mara ya tatu. Ilikuwa mbaya kuliko zote.

"Daktari atakuja Alhamisi," nikamwambia. "Yeye ndiye ataamua."

Akateremsha shati. "Chebo Langat," akasema, akiuambia ukuta. Hakuwahi kuniita Sista wala Chebet, jina langu. Aliniita hivyo tu, binti wa Langat. "Mimi kazi yangu ni moto. Nikienda nyumbani, nitafanya nini? Nitakaa niangalie ng'ombe ikila nyasi?"

Wiki ile sikutulia. Nilimpima mpishi, nikampima mlinzi wa lango, nikajipima mwenyewe kwa mashine zote mbili. Mpya ilikuwa nzima. Ya zamani nayo, Mungu anisaidie, ilitoa jibu lile lile. Nikazizungusha tena, nikibadilisha mkono, nikibadilisha kiti, hadi mpishi akakataa kunipita karibu. Kama mashine zote mbili zilikuwa sawa, basi mtu mmoja alikuwa na presha mbili, na hilo sikufundishwa popote.

Nikatuma ujumbe Siongiroi kwa dereva wa lori aliyekuwa anaenda huko siku ya soko, kwamba mke wa Arap Tonui aje. Akaja Jumatano. Nilitarajia mtu mrefu na mkimya kama mumewe. Akaingia mama mfupi, mwepesi, anaongea tangu mlangoni, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, ndani ya kiondo.

"Chamgei," akanisalimia, akashika mkono wangu na hakuuachia. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Langat. Nyumbani ni Sosiot."

"Langat gani wa Sosiot? Si yule alivunjika mguu akianguka kwa paa ya kanisa?"

"Ni yeye."

Akafunika mdomo. Akatazama mashine, akanitazama mimi, akaketi.

"Na wewe ndiye unamvua mzee shati?"

"Simvui, mama. Nakunja tu mkono."

"Kwake ni moja. Mwanangu, baba yako na huyu mzee waliingia menjo pamoja. Kovu moja, siku moja. Wewe ni msichana wake."

Kwa wale ambao si Wakipsigis: menjo ni nyumba ya vijana waliotahiriwa, na waliokaa huko pamoja ni rika moja maisha yote. Binti wa mwenzako wa rika ni binti yako. Huwezi kumuoa, huwezi kutaniana naye, na hatakuona bila nguo zako za heshima. Mimi haya niliyajua tangu utotoni. Lakini nilisoma shule ya bweni, halafu chuoni tukaambiwa mgonjwa ni mgonjwa, na baba yangu hakuwahi kunitajia jina la Tonui. Na mzee mwenyewe angesemaje? Kunikataa kungekuwa kumwaibisha mtoto wa mwenzake mbele ya watu kazini. Akanyamaza, akaangalia minyoo, na moyo wake ukakimbia mahali alipokuwa ameketi.

Sista Wangari alipoambiwa alicheka hadi akashika ukuta. "Ai, Ngai! Na vile tumetukana hiyo mashine!" Halafu kicheko kikaisha ghafla, kwa sababu sote wawili tulikumbuka kesho ni Alhamisi.

Daktari alitoka mjini, mwanamume mkavu, mwenye kutazama saa yake, lakini mwenye haki. Tukamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, akasema atampima mwenyewe. Mimi nikasimama mlangoni nikiangalia nje. Nilisikia hewa ya mashine ikitoka polepole.

"Imeshuka sana," akasema. "Lakini bado iko juu ya kiwango."

Nikageuka. Arap Tonui alikuwa ameanza kufunga vifungo vya shati na alikuwa amekosea tundu, upande mmoja umezidi mwingine. Daktari akatoa kalamu mfukoni. Niliumia moyoni kama vile ni baba yangu ameketi pale, na kwa mila alikuwa ni baba yangu.

"Daktari," Sista Wangari akasema, "chai iko tayari. Kunywa kwanza, mzee apumue, halafu umpime tena. Ukipata iko juu, andika. Hakuna mtu atakuuliza."

Daktari akatazama saa. "Mara moja tu," akasema, akamfuata.

Taplelei akaingia akaketi kando ya mumewe kwenye kitanda kirefu cha kupimia wagonjwa. Mzee akaangalia minyoo. Nikaona mama akiinua mkono kuuelekeza kwake, halafu akanitazama, akaurudisha mapajani. Akainua tena, akaurudisha. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mashine yangu, nangoja nisaidie.

"Mwanangu," akasema, "toka nje."

"Mama, siruhusiwi kumwacha mgonjwa peke yake."

"Hayuko peke yake."

Nikatoka, nikafunga mlango.

Mvua ya saa nane ilikuwa imefika na mawe yake, mabati yanapiga kelele, nami natembea barazani kutoka mwisho hadi mwisho. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho na kulikuwa na baridi. Nataka msielewe vibaya: sikuwa naomba tu ishuke. Niliogopa pia ishuke. Je, kama ni mgonjwa kweli, na sisi kwa huruma yetu tumemrudisha mbele ya moto akaanguke? Nikitaka hili naogopa lile, naenda na kurudi. Mpishi alinipita na sinia la chai na akakaa mbali nami, akidhani namtafuta mkono.

Mvua ilipolegea nikasikia sauti ya Taplelei kupitia mbao. Alikuwa anagomba. Ndama mwekundu ameingia kwa mahindi ya jirani, jirani amepiga kelele hadi kwa chifu, "na wewe mwanaume mzima uko hapa unaogopa kamba ya mkono!" Halafu sauti yake ikashuka, maneno sikuyapata. Halafu nikasikia kitu ambacho mimi sikuwa nimekisikia tangu nifike shamba lile: Arap Tonui akicheka.

Daktari na Sista Wangari wakarudi wakaingia. Mimi nikabaki nje. Katika kazi yangu yote nimeshika watoto waliokuwa wanaponyoka na nimefunga damu iliyokataa kufungika, lakini sijawahi kupata kazi ngumu kama ya kusimama nyuma ya mlango ule bila kuufungua.

Ulipofunguka, Sista Wangari alinyoosha kiganja akakishusha chini, taratibu, kama mtu anayepapasa ng'ombe mgongoni.

Ilikuwa chini ya kiwango. Si chini sana. Daktari alimwandikia vidonge, akaagiza awe anapimwa kila mwezi, na alipokuwa anavaa koti akatoa maagizo mawili ambayo Sista Wangari aliyarudia kwa miaka: "Huyu mzee asiishi peke yake. Na huyu sista asimguse."

Taplelei akawaachia shemeji zake ng'ombe na watoto, akahamia laini, akalalamika kwamba chumba hakina hata pa kutundika vibuyu. Nisiwadanganye, presha ya mzee haikuisha. Alimeza vidonge hadi mwisho. Lakini kila mwezi alipimwa na Sista Wangari, kwa mashine ya plasta, mkewe kando, na haikupita kiwango tena. Mimi nilikuwa namsalimia kutoka ng'ambo ya uwanja, "Chamgei, baba," naye anajibu, "Chamgei mising, Chebo Langat," na sote tunaendelea na njia tukiwa na amani. Aliondoka kwenye boila siku zake za kustaafu zilipofika, kwa miguu yake, na alipita kwanza kusikiliza moto.

Ndiyo sababu mlikuwa mnanisikia nikiuliza kila mgonjwa, "Umekuja na nani?" Mlikuwa mnaniigiza jikoni, najua. Endeleeni kuuliza. Lakini muulize vizuri, kwa sababu kuna mama mmoja presha yake ilikuwa inapanda kila mumewe akikohoa kwenye benchi la nje. Huyo, mumewe tulimtuma nyumbani akaangalie mifugo. Na dawa msiache kutoa. Mapenzi hayamezwi na maji asubuhi na jioni.

Arap Tonui alifariki mzee kabisa, nyumbani kwake Siongiroi. Nilienda kutoa pole. Taplelei alikuwa amekauka, amekuwa mdogo zaidi, lakini mkono wangu aliushika vile vile asiuachie. Nikamuuliza lile swali nililokuwa nimetembea nalo miaka yote hiyo: siku ile ya mvua ya mawe, nilipotoka, alimfanya nini?

"Nilimshika masikio," akasema.

"Masikio?"

"Huyo mzee akiogopa, masikio yake yanakuwa baridi. Tangu anioe. Akitoka kwa mkutano wa shamba, akipoteza ng'ombe, wakati tulizika mtoto wetu wa kwanza. Namshika yote mawili mpaka yapate moto, ndio anarudi." Akanitazama kwa huruma. "Wewe ulikuwa unashika mkono. Ungejua aje?"

Nilipoanza kuwaandikia, siku kadhaa zilizopita, nilikuwa sijakikalia kiti. Jana nilikuwa nimeondoka kwenye meza hii mara nisizozihesabu. Nimekagua kuku, nimekagua maziwa, nimefungua lango nikalifunga. Mwalimu aliweka gazeti chini akaniuliza ni nini nimepoteza. Nikamwambia sijui. Akaendelea kuniangalia. Ni mtu aliyekuwa ananingoja nimalize kazi tangu nilipomfunga mashine juu ya koti lake, na hajawahi kunilalamikia.

Nikaenda nikakaa kwenye kile kiti chenu. Nailoni ikalia chini yangu. Nikamwambia aje anishike masikio.

"Ni malaria?" akauliza.

"Shika tu."

Akaja akasimama nyuma ya kiti, akanishika.

"Ni baridi kweli," akasema, na hakuyaachia.